Unene wa gari: kisa cha lifti ya nguzo mbili chini ya dari ya mita 2.90

Shemeji alinipigia simu akiwa ameshachagua. Alikuwa na picha ya lifti ya kuinulia magari, ya nguzo mbili, ya tani 4, nguzo zimeunganishwa juu kwa boriti, na alichokitaka kwangu ni neno moja tu: nunua. Nikamwuliza dari yake ina kimo gani.

"Ndefu tu, shemeji. Hata nikinyoosha mkono siigusi."

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi kuliko namba yoyote ile. Kazi yangu ni kufunga lifti za magari, na kinachowaponza wengi wanaotaka kuiweka nyumbani si ubora wa chuma wala nguvu ya pampu, ni tepu kubaki mfukoni. Nikamwambia asilipe kitu mpaka nifike.

Gereji yake ni chumba cha mita 6.20 kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, na upana wa mita 5.80. Dari ni ya jipsamu, mita 2.90 kutoka sakafuni. Lakini hiyo 2.90 ni pale dari ilipo tupu. Mlango ni ule wa vipande, unaopanda kwa reli na kwenda kulala chini ya dari. Reli zake ziko mita 2.35 kutoka chini na zinaingia ndani mita 2.60. Katikati ya chumba mota ya mlango inaning'inia mita 2.45, na reli yake ndefu inakuja mpaka hapo. Kwa maneno mengine, upande wa mlangoni gereji hii haikuwahi kuwa na mita 2.90. Ilikuwa na 2.35, na shemeji alikuwa akipita chini yake kila siku bila kuiona.

Nikaweka ngazi, nikafungua kifuniko cha dari, nikaingiza kichwa na tochi. Kenchi za mbao, zile fremu zinazobeba paa, zimepangwa kila sm 90, zikikatiza upana wa chumba, na mbao zake za chini ziko mita 2.93 kutoka sakafuni. Kutoka hapo mpaka mgongo wa paa kuna mita 1.60 nyingine, hewa tupu na utando wa buibui. Hilo nililiandika pembeni.

Lifti ya kwenye picha ilikuwa na nguzo za mita 3.60. Ile boriti ya juu haikuwekwa kwa urembo: ndani yake hupita mipira ya haidroliki na waya za chuma zinazoifanya mikono ya pande zote mbili ipande pamoja, na ndiyo maana sakafu inabaki wazi. Ni lifti nzuri sana kwa karakana. Kwa mteremko wa paa la shemeji, ncha za nguzo zingepita dari, zikapita kenchi, zikagota kwenye bati.

Hesabu ambayo watu huikosea

Magari ni mawili. Hilux ya milango minne, urefu wa mita 5.33, kimo mita 1.82, na juu yake keria iliyoongeza sm 12. Na Corolla ya mkewe, urefu mita 4.63, kimo mita 1.44.

Wengi wakipiga hesabu hii hujumlisha kimo cha gari na kimo ambacho lifti inapanda. Hilux 1.82, lifti 1.80, jumla 3.62, wanakata tamaa. Wengine huangalia kimo cha nguzo peke yake. Wakiona zipo lifti zenye nguzo fupi za mita 2.82, na dari yao ni 2.90, wanaagiza siku hiyohiyo. Wa kwanza wanajinyima, wa pili wanajidanganya.

Lifti ya nguzo mbili haishiki matairi. Mikono yake minne inaingia chini ya gari, na pedi zinakamata mahali pagumu: kwenye Corolla ni ukingo wa chini wa bodi, palepale pa kuwekea jeki; kwenye Hilux ni chesisi. Kwa hiyo kabla gari halijaondoka chini, pedi tayari ziko juu kiasi. Kwenye Corolla nilipima sm 20 kutoka sakafuni hadi pa kushikia. Kwenye Hilux, sm 42. Ukikitoa kipimo hicho kwenye kimo cha gari unapata kitu ambacho mimi nakiita unene wa gari, yaani kutoka linaposhikwa hadi paani. Corolla ina unene wa mita 1.24. Hilux ina 1.40, na keria ikiwa juu, 1.52.

Unene huo ndio unaokaa kati ya kichwa chako na dari. Kimo cha gari likiwa chini hakikuhusu tena. Pikapu inayoonekana pandikizi mbele ya Corolla inaizidi kimo kwa sm 38, lakini kwa unene inaizidi sm 16 tu, kwa sababu chesisi yake yenyewe imeshakaa juu.

Basi chukua unene, ongeza kimo unachotaka kusimama chini yake, ongeza sm 5 za kupumulia. Shemeji ana mita 1.78, pamoja na viatu na nafasi ya kutogonga kichwa kila akigeuka, tukasema 1.85. Corolla ikataka dari ya mita 3.14. Hilux ikataka 3.30. Hilux na keria yake, 3.42.

Nikaigeuza hesabu ili aone dari aliyonayo ingempa nini. Chini ya mita 2.90, Corolla ingesimama na ukingo wake mita 1.61 kutoka sakafuni. Hilux bila keria, 1.45. Na keria, 1.33.

"Kwa hiyo siwezi kusimama chini ya gari lolote," akasema.

"Huwezi. Ila kusimama ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine."

Nilisema hivyo nikimaanisha. Breki, shokomzoba, bushi, oili, eksozi, zote hizo unazifanya umekaa kwenye stuli ya magurudumu, na tofauti kati ya stuli na kulala chali kwenye kadibodi ni kubwa kuliko tofauti kati ya stuli na kusimama. Kuna watu wanafanya kazi hivyo kwa raha zao. Kama ingekuwa gereji yangu, ningeweka lifti ya nguzo fupi chini ya dari ileile na paa lingebaki lilivyo.

Lakini maneno hayatoshi kwenye jambo kama hili. Nikachukua uzi wa kujengea, nikaukatiza ukuta hadi ukuta kwa kimo cha mita 1.45, mara nne, mpaka ukafanya kama kitanda cha kamba hewani. Nikampa stuli. "Hiyo ndiyo chesisi. Ingia chini ufungue giaboksi." Akaingia akicheka. Dakika tano za kwanza alizunguka vizuri, akaonyesha pa kufungulia oili, akajifanya anashika kaliper. Kisha akainua mikono miwili juu kana kwamba anapokea giaboksi, kichwa kikalala begani, na nikaona shingo inatafuta mahali pa kwenda. Alikaa hivyo hadi dakika ya ishirini. Alipotoka alikuwa anasugua kiuno kwa viganja vyote viwili.

Klachi ya Hilux alishaishusha mara mbili akiwa amelala chini, na mgongo wake haujamsamehe. Uzi ule ndio uliotufanya tuanze kuzungumzia paa. Namba zangu zilikuwa zimemwacha nusunusu.

Lifti tulizoziacha

Lifti ya mkasi, ile fupi inayoinua gari kama mita 1 au 1.2, tuliipitia haraka. Haihitaji dari ndefu na inafaa mno kwa matairi, breki na kazi za bodi. Tatizo lake ni kwamba mashine yenyewe inakaa katikati ya gari, palepale penye giaboksi na propela shafti. Kwa mtu wa klachi, basi.

Lifti ya nguzo nne ilitaka mjadala zaidi, kwa sababu shemeji alikuwa amesikia kwamba ndiyo salama kuliko zote. Kweli ina sifa zake: gari linapanda juu ya njia mbili za chuma kwa matairi yake, uzito unakandamiza sakafu kwa kwenda chini tu, na mara nyingi haihitaji hata kufungwa bolti. Ukitaka kuegesha gari moja juu ya jingine, ndiyo hiyo. Lakini matairi yakiwa yamekanyaga chuma huwezi kufungua breki mpaka ununue jeki ya kuteleza kati ya njia zake. Na kwa dari yoyote ile, kubadilisha aina ya lifti hakuipandishi Hilux juu zaidi. Chini ya dari ya 3.30 chesisi ingefika palepale 1.85, ila zile njia za chuma zingekuwa mita 1.43 kutoka chini, kifuani kwa shemeji kila akitaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Baba mkwe naye alikuwa na lake. Alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasikiliza hesabu zote. "Mwanangu, badala ya kupandisha paa, kwa nini msichimbe shimo? Sisi tulitengenezea magari shimoni na tukazeeka."

"Ni kweli, baba. Ila mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa shimoni, na huko ndiko anakoshikia taa na grainda. Na shimo halimwinulii matairi."

Akatikisa kichwa, hakubishana. Sijui kama alikubali.

Ikabaki lifti ya nguzo mbili isiyo na boriti ya juu. Badala ya boriti, mipira na waya hupita chini, ndani ya bamba la chuma linalounganisha vitako vya nguzo. Bamba hilo lina mwinuko wa sm 4 hivi. Gari linalipita bila habari, lakini jeki ya giaboksi yenye magurudumu madogo inajikwaa, na utalilaani kila unaposukuma kitu kizito. Ndiyo gharama ya nguzo za mita 2.82. Nilimwambia mapema ili asije akanilaani mimi.

Paa

Hapa ndipo nilipokunja mkono. Mbao ya chini ya kenchi inaonekana kama kitu cha kupigilia jipsamu tu, na fundi mwenye msumeno anaweza kuiondoa kwa nusu saa. Kumbe ndiyo inayozuia kuta zisisukumwe nje. Uzito wa paa unashuka kwa mbao mbili za mteremko, kila moja ikitaka kuutelezesha ukuta wake kwenda nje, na ile ya chini inazifunga pamoja kama mshipi. Ukiikata, paa halianguki siku hiyo. Linaanza kutanuka polepole, nyufa zikatokea juu ya kuta, na wewe uko chini ya gari la tani 2.

Kwa hiyo akaitwa mhandisi. Alichora kenchi tatu za mkasi, yaani zile ambazo mbao zake za chini nazo zinapanda kuelekea katikati badala ya kulala sambamba na sakafu. Zilichukua nafasi ya zile tatu za katikati ya gereji. Nyingine zote zikabaki. Paa lilisimamishwa kwa miti wakati wa kubadilisha, na kazi ikafanywa kenchi moja baada ya nyingine.

Kenchi ya mkasi inakupa kimo katikati na kukunyima pembeni. Chini ya mgongo wa paa tulipata mita 3.57, lakini kadiri unavyosogea ukutani dari inashuka mpaka inarudi 2.90. Mpango wa shemeji ulikuwa kuiweka lifti upande wa kushoto ili Corolla ilale upande wa kulia. Nikapiga hesabu ya mahali ambapo ukingo wa paa la Hilux ungeangukia: dari hapo ingekuwa mita 3.25 hivi, na paa la Hilux linafika 3.25 lenyewe. Lifti ikahamia katikati kabisa ya chumba. Hapo, juu ya kingo za paa la Hilux, dari ni mita 3.42, na keria ikaingia bila kufunguliwa. Nguzo zikabakiwa na mita 1.20 kila upande hadi ukutani, nafasi nzuri ya kuvua tairi na kuweka meza ya kazi.

Na Corolla ikawa haina pa kulala. Shemeji alisema ataongea na mkewe.

Jambo moja lililotusaidia ni umbo la pikapu. Paa lake haliko urefu wote wa gari. Linaanza kama mita 1.60 kutoka puani na kuisha kwenye 3.60, halafu linafuata bodi la mizigo ambalo kwenye Hilux hii halikufika mita 1.30. Hivyo dari ndefu ilihitajika katikati tu, juu ya kabini. Bodi, likipanda mita 1.43, linafika 2.73. Tukabadilisha reli za mlango ziwe za kupanda zaidi kabla ya kukunja, mlango ukawa unalala karibu na dari ya zamani, mita 2.80, na ukaingia ndani mita 2.10 badala ya 2.60. Mota ya katikati ikatolewa, ikawekwa ile ya pembeni inayozungusha shafti ya springi. Pua ya Hilux ikae sm 45 kutoka ukuta wa nyuma, na kabini inaanza sm 5 tu baada ya mlango kuishia. Nilichora mstari wa rangi ya njano sakafuni pa kusimamisha tairi la mbele, na shemeji anajua kwamba mstari huo si mapambo.

Sakafu, ambayo hakuna aliyeiuliza

Tulikuwa tumezungumza dari kwa wiki mbili. Siku nilipokuja na drili, shemeji aliniuliza natafuta nini chini.

Lifti ya nguzo mbili ni kama mtu aliyeshika ndoo kwa mkono ulionyooshwa. Gari limening'inia mbele ya nguzo, na nguzo inataka kuinamia ndani. Kinachoizuia ni bolti za nyuma ya kitako, zinazovutwa juu muda wote gari likiwa hewani, na kinachozishika hizo bolti ni zege peke yake. Kitabu cha lifti aliyochagua kilitaka zege lisilopungua sm 11, lenye nguvu ya MPa 21, lililokaa siku 28 tangu limwagwe, na bolti zisiwe karibu zaidi ya sm 15 na ukingo au ufa.

Nikatoboa mahali pa nguzo ya kushoto. Drili ilizama, ikaguna, halafu ikapita kwenye kifusi ghafla hivi kwamba mkono wangu uligonga sakafu. Nikaingiza waya uliokunjwa ncha, nikaunasisha chini ya zege, nikapima: sm 8.5. Upande wa kulia, sm 12. Jamvi lilimwagwa siku moja na watu walewale, na bado lilitofautiana sm 3.5 ndani ya mita chache. Ndiyo sababu sikubali kuambiwa unene wa sakafu. Naipima mwenyewe kila inapokwenda nguzo. Isipokuwa kama ni sakafu yenye nyaya za chuma zilizovutwa ndani yake. Hiyo haitobolewi kabla ya mhandisi kuonyesha nyaya zilipopita.

Halafu mteremko. Sakafu ya gereji hujengwa ikishuka kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke, na ya shemeji ilishuka kwa asilimia 1.5. Haionekani kwa macho. Lakini nguzo ya mita 2.82 ikisimamishwa juu ya mteremko huo, ncha yake inalala sm 4 kuelekea mlangoni. Mabamba membamba ya kuweka chini ya kitako yanaweza kurekebisha kiasi, na kitabu husema mwisho wake ni wapi.

Wembamba na mteremko kwa pamoja vilitupa jibu moja. Tulikata jamvi sehemu mbili, kila moja mita 1.20 kwa 1.20, tukachimba sm 30, tukapanga nondo kama mhandisi alivyochora, tukatoboa ukingo wa zege la zamani na kuingiza vipande vya nondo ili zege jipya na la zamani vishikane, tukamwaga na kusawazisha kwa pima maji bila mteremko wowote. Kwa sababu kipande kipya ni sawa na cha zamani kinashuka, ukingo wa upande wa mlangoni umebaki na kidaraja cha karibu sm 2. Ukisukuma jeki unakisikia.

Siku 28 zilimshinda shemeji. Siku ya kumi na mbili alinipigia kuuliza kama zege la leo haliko tofauti na la zamani. Nikamwambia zege halijui leo ni lini.

Umeme haukutupa shida, ila ulikaribia. Lifti nyingi za karakana huja na mota ya fezi tatu, na ya kwanza aliyoletewa makaratasi yake ilikuwa hivyo. Nyumbani kwake kuna fezi moja. Ikabadilishwa kuwa mota ya kW 2.2 ya fezi moja, na ikapewa laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme, na swichi yake.

Siku ya kuinua

Tulianza na Corolla, nyepesi. Pedi nne zikagusa, tukainua mpaka matairi yaache sakafu kwa kiganja kimoja, tukasimamisha, tukalitikisa gari kutoka mbele na nyuma. Halikucheza. Tukapandisha, kufuli zikilia moja baada ya nyingine ndani ya nguzo, kisha tukashusha kidogo mpaka uzito ukakaa kwenye meno ya kufuli na si kwenye mafuta ya haidroliki. Hilo ndilo nililomsisitizia kuliko yote: usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta. Ukisikia kufuli zote mbili zimelala, ndipo uingie.

Hilux ilikuja na mambo yake. Tani 4 za lifti si tani 4 popote utakapo. Ni tani 1 kwa kila mkono. Pikapu tupu ina injini mbele na bodi tupu nyuma, kwa hiyo katikati ya uzito wake iko mbele ya katikati ya urefu wake. Ukiweka nguzo katikati ya urefu, pua inainama. Siku ya kushusha giaboksi nayo mizani inabadilika, mbele panakuwa pepesi. Kulikinga gari lisiiname ndiyo kazi ya ile stendi ndefu iliyosimama kona ya gereji.

Na hapa nikagundua kosa langu mwenyewe. Lifti zenye boriti ya juu huwa na fimbo yenye swichi: paa la gari likiigusa, mota inazima. Lifti ya nguzo fupi haina, kwa kuwa haina boriti ya kuifungia. Chesisi ya Hilux inafikiwa kwa kuongezea pedi vikombe virefu, na vikombe hivyo vinaongeza kimo cha juu kabisa ambacho gari linaweza kufika. Nilipopima pedi na vikombe vyake, mwisho wa lifti ulikuwa mita 1.95. Unene wa Hilux na keria ni 1.52. Jumla 3.47, na dari ni 3.42. Kidole kikisahau kuachia kitufe, keria inaingia kwenye jipsamu na baada yake kuna kenchi mpya za mhandisi. Tulifunga fimbo ya swichi kwenye dari siku hiyohiyo, tukaiunganisha na mota, tukaijaribu kwa ufagio kabla ya kuijaribu kwa gari. Nguzoni nikapaka rangi nyekundu kwenye kimo ambacho Hilux inatakiwa isimame.

Shemeji akaingia chini, akanyoosha mgongo, akasimama wima. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, kikapita chini ya chesisi. Hakusema kitu kwa muda.

Mkewe alitoka jioni akakuta Hilux iko juu na Corolla yake iko nje kwenye manyunyu. Alizunguka nguzo, akaangalia nafasi iliyo chini ya pikapu, akanigeukia.

"Shem, si muiache hiyo juu, mimi niingize yangu hapa chini?"

Nikatoa tepu, kwa heshima tu. Matairi ya Hilux yakiwa yamelegea yananing'inia mita 1.25 kutoka sakafuni. Difu ya nyuma iko 1.47. Paa la Corolla ni 1.44.

"Sentimita tatu," akasema. "Na hilo nalo hamkulipima?"